RTX 5060, RX 9060 XT au Arc B580: anza na kompyuta uliyonayo

Ukiwa na dola 250 hadi 350 za kununulia kadi mpya ya grafiki, majina matatu yatakufikia haraka: GeForce RTX 5060 ya NVIDIA, Radeon RX 9060 XT ya AMD na Arc B580 ya Intel. Kila moja ina mashabiki wake, na mashabiki hao hawasikilizani. Wa NVIDIA atakutajia DLSS, teknolojia yao ya kukuza picha, wa AMD atakuhesabia memori, wa Intel atakuuliza kwa nini unapenda kutupa hela. Wote wana hoja. Wanachosahau kukuuliza ni kwamba kadi hiyo unakwenda kuichomeka kwenye kompyuta gani.

Vipimo vingi unavyoviona mtandaoni hufanywa kwenye mashine yenye moja ya prosesa kali kuliko zote za gemu, mara nyingi Ryzen 7 9800X3D, ambayo peke yake ni ghali kuliko yoyote kati ya kadi hizi. Wachambuzi wana sababu nzuri: wanataka kuona uwezo wa kadi bila prosesa kuiwekea breki. Lakini wengi wetu Dar, Nairobi au Kampala tunachomeka kadi kwenye mashine ya mtumba iliyostaafishwa na ofisi fulani Ulaya, au kwenye kompyuta iliyounganishwa miaka sita iliyopita. Huko matokeo yanaweza kugeuka, na kadi iliyoshika nafasi nzuri kwenye jedwali la mtu ikakusumbua wewe nyumbani.

Tunapima nini

Kila kadi itapita kwenye vigezo vilevile: kasi kwenye gemu, memori, drayva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi), inavyopatana na kompyuta ya zamani na umeme wake, kazi nje ya gemu, na bei.

Ninaposema RX 9060 XT nina maana ya ile ya GB 16. Ipo pacha wake wa GB 8, iliyoanza kwa dola 299, yenye jina hilohilo, na boksi ukiliangalia juujuu hutaona tofauti. NVIDIA nayo imefanya mchezo huohuo kwa RTX 5060 Ti: ya GB 8 ilianza kwa dola 379, ya GB 16 kwa dola 429, jina moja. Muuzaji akikutajia bei tamu kupita kiasi, swali lako la kwanza liwe "ya GB ngapi?"

| | RTX 5060 | RX 9060 XT | Arc B580 |
|---|---|---|---|
| Ilitoka | Mei 2025 | Juni 2025 | Desemba 2024 |
| Bei ya kuanzia Marekani | dola 299 | dola 349 | dola 249 |
| Memori | GB 8, GDDR7 | GB 16, GDDR6 | GB 12, GDDR6 |
| Upana wa njia ya memori | biti 128 | biti 128 | biti 192 |
| PCIe | 5.0, njia 8 | 5.0, njia 16 | 4.0, njia 8 |
| Umeme wa kadi | wati 145 | wati 160 | wati 190 |
| Pawasaplai inayopendekezwa | wati 550 | wati 450 | wati 600 |

Mstari wa mwisho usikubabaishe. Kila kampuni inapiga hesabu yake na kujiwekea akiba yake. Mstari wa PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na madabodi, ndio unaorukwa na wengi, na tutaurudia.

Kasi kwenye gemu

Kwenye 1080p (skrini ya Full HD), gemu zikichezwa kawaida bila mahesabu ya miale ya mwanga (ray tracing), RX 9060 XT hutangulia, RTX 5060 inafuata kwa umbali usio mkubwa, na Arc B580 inashika nafasi ya tatu. B580 iko daraja la RTX 4060 ya mwaka 2023, mara nyingine juu yake, hasa ukipanda hadi 1440p, picha yenye nukta nyingi zaidi, ambako memori yake pana inaanza kuisaidia. Hiyo ni kwa prosesa ya kisasa. Kwa prosesa ya zamani B580 ina kisa chake, kinakuja.

Kama unacheza Valorant, Counter-Strike 2, eFootball au EA FC kwenye monita ya 1080p, ukweli ni kwamba kadi zote tatu zinakutosha, na huenda hata hela hiyo ni nyingi. Tofauti inaanza kuonekana kwenye gemu kubwa za mchezaji mmoja zinazotoka sasa.

Miale ya mwanga ilikuwa pambo hadi majuzi. Sasa kuna gemu zisizofunguka kabisa kwenye kadi isiyo na vifaa vya kazi hiyo: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 ni mifano. Kadi zote tatu zinazo. NVIDIA bado inaongoza pale miale inapowashwa yote, AMD imepunguza pengo sana katika kizazi hiki ukilinganisha na kile kilichopita, na Intel, kwa bei yake, inashangaza kwa uzuri.

Halafu kuna ukuzaji wa picha. Kadi inachora picha kwa ukubwa mdogo, kisha programu yenye akili unde inaikuza ijae skrini, nawe unapata fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, nyingi zaidi. NVIDIA wanaiita DLSS, AMD wana FSR na Intel wana XeSS. DLSS ndiyo inayopatikana kwenye gemu nyingi na picha yake ni safi. FSR ya zamani ilikuwa inachafua majani na nywele, lakini FSR 4, ambayo AMD waliitoa rasmi kwa ajili ya kadi za RX 9000, imefika mahali ambapo ubishi wa ubora umebaki kwa wenye macho makali. Tatizo lake ni kwamba gemu zinazoitumia ni chache kuliko za DLSS. XeSS ni nzuri kwenye kadi za Intel zenyewe.

Jihadhari na fremu za kubuni. RTX 5060 ilizinduliwa ikiweza kuingiza hadi fremu tatu za kubuni baada ya kila fremu moja halisi, na ndiyo maana grafu za NVIDIA zinapaa. Januari 2025 Jensen Huang, bosi wa NVIDIA, alisimama jukwaani akasema RTX 5070 ya dola 549 ina utendaji wa RTX 4090, kauli iliyotegemea fremu hizo. Skrini itaonekana laini, sawa. Lakini kama gemu yenyewe inazalisha fremu 25 halisi kwa sekunde, mausi itaitika kwa uzito wa fremu 25, hata kona ya skrini ikiandika 90. Kwa aliye tayari na fremu 60 na monita ya kasi, ni nyongeza nzuri. Kwa anayetafuta kuokolewa kutoka fremu 25, haimwokoi.

Memori, kiini cha ugomvi

Mwaka 2016 AMD iliuza RX 480 yenye GB 8 kwa dola 239. Miaka tisa baadaye NVIDIA ikazindua GB 8 kwa dola 299. Kwa haki, GB 8 za RTX 5060 ni za GDDR7 na zinasafirisha data kwa GB 448 kwa sekunde, dhidi ya GB 320 za RX 9060 XT. Lakini kasi haiongezi nafasi.

Memori ya kadi ikijaa, kadi inaanza kukopa memori ya kompyuta kupitia PCIe. Ni sawa na mpishi anayelazimika kwenda sokoni kila akihitaji kitunguu: kupika anajua, ila chakula hakifiki mezani kwa wakati. Kwenye skrini utaona wastani wa fremu ukiwa mzuri tu, kisha gemu inakwama nusu sekunde ukigeuka kuangalia upande mwingine, au ukuta unabaki na ukungu kwa muda kabla matofali hayajaonekana. Wastani kwenye grafu hauonyeshi hilo. Kuna kinaya pia: miale ya mwanga na fremu za kubuni, yaani vitu vyenyewe ambavyo NVIDIA wanavitangaza, vinakula memori ya ziada.

RTX 5060 inaishi vizuri kwenye 1080p ukikubali kushusha ubora wa maumbo (textures) kutoka juu kabisa hadi wastani au juu kiasi. Kwa gemu nyingi hutajua hata umepoteza nini. Kwa gemu nzito za 2024 kuja mbele, utajua.

RX 9060 XT haina wasiwasi huo. Unaweza kusema GB 16 ni nyingi kuliko nguvu ya chipu yake, na ni kweli kwamba kwa 1080p ya leo nusu yake hukaa bure mara nyingi. Lakini ubora wa maumbo ni kati ya vitu vichache unavyoweza kuvipandisha karibu bila kupunguza fremu, ili mradi memori ipo. Ndicho pia kinachoipa kadi umri.

Arc B580 na GB 12 zake ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi, kwa maoni yangu: memori inaendana na nguvu. Kadi ya bei ya chini kuliko zote ina memori mara moja na nusu ya RTX 5060.

Drayva

Hapa sifa za zamani zinadanganya pande zote.

NVIDIA wamejijengea jina la drayva tulivu, na kwa miaka mingi walilistahili. Mwaka 2025 uliwatia doa. Tangu kadi za RTX 50 zilipoanza kutoka Januari, watumiaji walilalamikia skrini kuwa nyeusi na kompyuta kukwama, viraka vikafuatana hadi Aprili ambapo toleo 576.02 lilikuja na orodha ndefu ya marekebisho. RTX 5060 yenyewe ilizinduliwa Mei bila wachambuzi wengi kupewa drayva mapema, jambo lililowaudhi wengi, kwa kuwa wateja wa siku ya kwanza walinunua bila vipimo huru. Tena, kadi za kizazi hiki ziliacha uwezo wa CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi) ya biti 32, na gemu za zamani zinazotumia PhysX, mfumo wa kuiga mwendo wa vitu, zikazorota. Ikabidi Desemba 2025 NVIDIA iurejeshe kwa baadhi ya gemu hizo.

Upande wa pili wa mizani ni muda wa huduma. Kadi za GTX 900, ambazo zilianza kutoka 2014, ziliendelea kupata drayva za gemu hadi Oktoba 2025, na viraka vya usalama vimeahidiwa hadi Oktoba 2028. Kwa walio bado kwenye Windows 10, NVIDIA waliahidi drayva za gemu kwa kadi zote za RTX hadi Oktoba 2026, mwaka mzima baada ya Microsoft kufunga milango. Anayekaa na kadi moja miaka minane aipe hoja hii uzito.

AMD bado wanabeba lawama za miaka ya nyuma, na nyingi zimepitwa na wakati. Programu yao ya Adrenalin imekusanya kila kitu mahali pamoja, kuanzia kurekodi gemu hadi kupunguza umeme wa kadi, bila kukutaka upakue kingine. Doa lao lilikuja mwishoni mwa Oktoba 2025, walipotangaza kuhamishia kadi za RX 5000 na RX 6000 kwenye tawi la matengenezo tu. RX 6000 ilitoka 2020! Kelele zikawa kubwa, AMD wakafafanua kwamba gemu mpya zitaendelea kuhudumiwa. Mnunuzi wa RX 9060 XT haguswi leo, ila anaweza kujiuliza itakuwaje 2030.

Kwa anayetumia Linux, AMD ndiyo njia ya usingizi mzuri. Drayva iko wazi, imo ndani ya mfumo, na huhitaji kusakinisha chochote. NVIDIA wamepiga hatua na sehemu ya drayva yao ya Linux sasa iko wazi, lakini bado kuna siku utasasisha mfumo na skrini ikagoma. Kumbuka tu kwamba Valorant na Fortnite hazifanyi kazi Linux kwa kadi yoyote, kwa sababu ya ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu.

Intel walitoa Arc A770 na A750 Oktoba 2022, na drayva za wakati ule zilikuwa aibu: gemu za zamani za DirectX 9 (mfumo wa michoro wa Windows) zilikuwa zikitafsiriwa kwenda DirectX 12 na kukokota. Wamefanya kazi kubwa tangu hapo, na B580 ya leo si kadi ya majaribio. Bado, gemu kubwa ikitoka Ijumaa, huenda ukasubiri siku kadhaa Intel wailete vizuri, na gemu ya miaka kumi iliyopita isiyojulikana sana inaweza kukushangaza vibaya. Septemba 2025 NVIDIA ilitangaza kuwekeza dola bilioni 5 ndani ya Intel, na watu wakaanza kuulizana kuhusu mustakabali wa Arc. Intel wamesema wanaendelea. Drayva zinatoka. Mwenye moyo mwepesi aliweke akilini.

Kompyuta uliyonayo

Funua kifuniko. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7050 ya mnara yenye Core i5-7500, mashine unayoikuta kila duka la kompyuta za mtumba. Ndani utakuta pawasaplai ndogo isiyo na waya wa pini 8 wa kulishia kadi, na soketi zake kwenye madabodi si za kawaida, kwa hiyo huwezi kubadili pawasaplai kwa kununua yoyote ya dukani bila adapta. Madabodi ni ya PCIe 3.0. Prosesa ni ya kizazi cha 7. Kila moja ya mambo haya matatu inakata mtu kwenye orodha yetu.

PCIe kwanza. RTX 5060 na B580 zimewekewa njia 8 tu. Kwenye madabodi mpya hakuna shida, lakini kwenye PCIe 3.0 njia 8 hupitisha takriban GB 8 kwa sekunde, ilhali RX 9060 XT yenye njia 16 inapata karibu GB 16. Kwa B580 athari si kubwa hivyo kwa sababu memori yake haijai haraka. Kwa RTX 5060 mambo mawili yanakutana vibaya: memori ndogo inayofurika, na mlango mwembamba wa kukimbilia. Ile kero ya kukwamakwama inakuwa mbaya zaidi kwenye mashine hasa ambazo watu wa bajeti ndogo wanazo.

Kisha Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuiona memori yote ya kadi kwa mara moja badala ya kuchungulia kwa tundu la MB 256. NVIDIA na AMD hufaidika nao, ila wakiukosa maisha yanaendelea. Arc bila huo inaanguka, na Intel wenyewe wanauhitaji: kwa ujumla Core ya kizazi cha 10 au Ryzen 3000 kwenda mbele. OptiPlex yetu imeshatoka.

Hata kama mashine yako inaweza, huenda haujawashwa. Ingia BIOS, washa "Above 4G Decoding" na "Re-Size BAR", kisha zima CSM, ile hali ya kuwasha kompyuta kwa mtindo wa zamani. Hapo kuna mtego: kama Windows yako ilisakinishwa kwenye diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ukizima CSM kompyuta haitawaka hadi kwenye Windows, nawe utadhani umeua kitu. Badili diski kuwa GPT, mpangilio mpya, kwanza. Windows ina kifaa chake kiitwacho mbr2gpt kinachofanya hivyo bila kufuta data, ingawa kutunza nakala ya vitu vyako kabla ni lazima. Programu ya bure ya GPU-Z itakuonyesha kwenye ukurasa wake wa kwanza kama uwezo huo umewashwa na kadi inatumia njia ngapi za PCIe.

Na kile kisa cha B580: Januari 2025 wachambuzi waligundua kwamba drayva ya Intel inamtwisha prosesa mzigo mzito kuliko wapinzani wake. Ikiwa na Ryzen 7 9800X3D, B580 ilikuwa inaipita RTX 4060. Ikiwa na Ryzen 5 2600, na hata Ryzen 5 5600 kwenye baadhi ya gemu, ilirudi nyuma yake. Si gemu zote, lakini inatosha kugeuza hesabu. Kadi ya bei nafuu, ambayo kwa kawaida ingenunuliwa na mwenye prosesa nafuu, inataka prosesa nzuri. Sijui kama kuna kinaya kikubwa zaidi katika soko hili.

Kuhusu umeme, tofauti kati ya wati 145 na 190 ni wati 45. Ukicheza saa nne kila siku kwa mwezi ni kama uniti 5 na nusu hivi. Si bili itakayokuumiza. Joto ndilo utakalolihisi, hasa chumba cha Tanga au Mombasa mwezi wa pili. Jambo la maana zaidi ni UPS. Zile za 650VA zilizojaa madukani kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400, na kompyuta nzima yenye RX 9060 XT au B580 ikicheza gemu inakaribia 300 na zaidi, bila kuhesabu monita. Umeme ukikatika utapata dakika za kuhifadhi mchezo na kuzima, basi. RTX 5060 ndiyo inayokuachia nafasi zaidi hapo.

Nje ya gemu

Kwa Blender, programu ya kuchora 3D, kadi zote tatu zinakubalika, lakini NVIDIA iko mbele kwa kasi, na programu nyingi za kitaalamu zimejengwa juu ya CUDA, iliyopo tangu 2007. Mwanafunzi wa usanifu majengo au wa uchoraji wa 3D asitafute mbali, isipokuwa kazi zake ni kubwa kiasi cha kujaza GB 8.

Uhariri wa video umesawazika. Zote tatu zinasoma na kuandika AV1, mfumo mpya wa kubana video, kwa vifaa vyake. Kwa wanaorusha matangazo mubashara kwa H.264, mfumo wa zamani zaidi, NVIDIA bado inaaminika zaidi, AMD imejirekebisha kizazi hiki, na Intel ni hodari wa video kuliko jina lake linavyovuma.

Kuendesha modeli za lugha za akili unde nyumbani kunataka memori kwanza. GB 16 za AMD zinaingiza modeli ambazo RTX 5060 haiwezi kuzimeza, ila programu nyingi huandikwa kwa CUDA kwanza, na kwa AMD utapita kwenye ROCm, jibu lao kwa CUDA, ambayo inataka uvumilivu.

Bei

Bei za jedwalini ni za siku ya uzinduzi, Marekani, bila kodi. Piga hesabu kwa Kenya ukitumia dola moja kwa KSh 129 na VAT ya asilimia 16: B580 inakuwa kama KSh 37,300, RTX 5060 kama KSh 44,700, RX 9060 XT kama KSh 52,200. Tanzania Bara na Uganda VAT ya kawaida ni asilimia 18. Bado hujaweka usafiri wala faida ya muuzaji, na kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya memori ilipaa duniani kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinainunua kwa wingi. Tumia namba hizi kama kipimo cha kujua nani anakuonea.

Ukigawa bei ya uzinduzi kwa memori, B580 na RX 9060 XT zote ziko karibu dola 21 hadi 22 kwa kila GB. RTX 5060 ni zaidi ya dola 37.

B580 huku kwetu ina tatizo la upatikanaji: wauzaji wengi hawaiagizi kwa sababu wateja hawaiulizi. Ukiipata kwa bei sawa na RTX 5060, sababu ya kuinunua imekufa. Wengi huagiza kupitia ndugu aliye Dubai au Marekani. Ni sawa, mradi ujue kwamba waranti nyingi hufuata nchi ya ununuzi, na kadi ikifa utamtafuta ndugu yuleyule airudishe.

Kwa kadi ya mtumba, usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi. Fungua GPU-Z hapohapo dukani: hakiki jina, ukubwa wa memori na upana wake dhidi ya jedwali la juu. Kadi za NVIDIA zilizochakachuliwa, programu hiyo huziandikia [FAKE] mbele ya jina. Kisha iendeshe gemu nzito robo saa ukisikiliza feni.

Kwa hali yako

Kompyuta ya PCIe 3.0 yenye pawasaplai ya kueleweka, mfano Ryzen 2000 au Core ya kizazi cha 8 au 9: RX 9060 XT ya GB 16. Njia zake 16 na memori yake vinaisitiri madabodi ya zamani, na siku ukibadili mashine unahama nayo. Prosesa itaibana kidogo, vumilia.

Unaunganisha mashine mpya kabisa, Ryzen 7000 au Core ya kizazi cha 12 kwenda mbele, na kila shilingi inahesabiwa: Arc B580, ukiipata karibu na bei yake. Hela iliyobaki iweke kwenye SSD au prosesa.

Unacheza 1080p, mashine yako ni ya PCIe 4.0 au zaidi, na mchana unafanya kazi za Blender au programu za CUDA: RTX 5060 inakufaa. Ukiweza kusubiri na kuongeza, RTX 5060 Ti ya GB 16 inakuondolea kasoro yake kubwa, ingawa hapo umeshatoka kwenye bajeti tuliyoanza nayo.

Linux ndiyo nyumbani kwako: RX 9060 XT, na usipoteze jioni nyingine kusoma.

Monita ya 1440p: RX 9060 XT ikiwa hela ipo, B580 ikiwa haipo na prosesa yako ni ya kisasa.

Shabiki wa gemu za zamani na zisizo maarufu, asiyetaka kutafuta suluhisho mtandaoni kila wiki: RTX 5060 au RX 9060 XT, Intel iache kwa sasa.

Na kama ulichonacho ni ile OptiPlex isiyo na waya wa pini 8, hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayokuhusu. Tafuta RTX 3050 ya GB 6, inayokula wati 70 na kunywa umeme wote kutoka kwenye soketi ya madabodi. Kuna hata za kimo kifupi kwa kasha jembamba. Itacheza gemu za ushindani bila kukuvunjia pawasaplai, na tofauti ya hela utaianzishia mashine nyingine.